Leso Niliyoicheka

Mama Kadzo, mke wangu,

Waamkaje hapo Muyeye? Nasema mimi, mwanetu Kadzo ndiye aandikaye. Hiyo hadithi yenu mliyoipata kwa Kadzo kwenye simu, eti niliteleza kwenye barafu nikalia, nyote mwaikosea. Mgema kama mimi, sijaanguka mnazini maisha yangu, nianguke njiani? Niliangushwa na mbwa mkubwa kama ng'ombe! Koti likafunguka, na kiunoni nimejifunga nini? Leso yako, ile uliyoitia sandukuni kwa nguvu nami nikakucheka. Baridi ya huku Italia anakoishi mwanetu, mke wangu, mate yaganda mdomoni. Bibi jirani alikuja kuniinua, akaipapasa leso, akauliza yauzwa wapi. Nikamwambia, "Haiuzwi, mama. Ni ya mke wangu, na kila asubuhi nikiifunga namshukuru." Kadzo akamfasiria huku akicheka. Mimi niliyelitukana jua la Malindi, leo nashukuru kitambaa! Mungu akuweke, wewe na joto lako.

Hapo Kadzo aliweka kalamu chini, akakataa kuandika tena mpaka niseme kweli. Haya basi: mbwa hakuwako. Lakini hiyo asante ni ya kweli.

Mumeo