Kidole Kwenye Uso Unaocheka

Kwako dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai barua hii itakukuta na afya, na kwamba ule mgongo umepata nafuu huko kazini. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umelemewa.

Binti yako bado tunaye wodini kwa ajili ya ule mguu wake. Wauguzi wamempachika jina la Kiranja, maana anawaamrisha hata wakubwa wakunje shuka zao. Ulimi ule kaurithi kwako, usikatae.

Kazi yangu unaijua: kila asubuhi napita vitandani na kadi ya nyuso tano, kuanzia uso unaocheka hadi unaolia, na mtoto anagusa ule unaofanana na anavyojisikia. Kwa majibu hayo daktari hupanga dawa. Kiranja hugusa unaocheka kabla sijamaliza kuuliza. Nilijivunia, dada. Daktari naye aliridhika, akampunguzia dawa ya maumivu, akasema mambo yakiendelea hivyo atamruhusu.

Juzi nikibadilisha foronya yake nikakuta pembe moja imetafunwa. Nikamtania kwamba wodi imeingia panya, hakucheka. Nikaweka kadi mfukoni, nikakaa kitandani, nikamuuliza mguu unafanyaje akigeuka. Akasema unachoma kama maji ya moto, haujawahi kuacha, na kwamba anang'ata foronya ili asisikike.

Nikamuuliza kwa nini basi ananificha mimi mama yake mdogo. Dada, hili linaniuma kuliandika, lakini nikikaa kimya nitakuwa nimekudhulumu. Alisema ulimwambia kwenye simu kwamba akipona ndipo utakuja kumchukua. Basi ndiyo maana alikuwa akinionyesha kila siku kwamba amepona.

Sikulaumu. Hata mimi ningesema vivyo hivyo. Ndivyo tunavyowabembeleza watoto. Daktari amemrudishia dawa, na habari ya kuruhusiwa imekufa kwa sasa. Jana aligusa uso unaolia, kisha akaniuliza kama nitakwambia. Nikajibu kwamba nitakwambia. Tangu hapo amenigeuzia mgongo, hata chakula changu hakitaki.

Omba ruhusa kazini, dada. Usingoje apone. Njoo akiwa mgonjwa hivihivi.

Wafikishie salamu wote ulio nao hapo, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mama mdogo wa Kiranja