Mke wa Nalianya Anataka Kuona Simba

Alhamisi, 9 Agosti 2001

Nelima amefika Kitengela kutoka Bungoma. Ni mke wa Nalianya, askari wangu aliyeliwa na simba hapa kwangu mwezi wa nne. Kwao walizika mgomba wa ndizi, maana tulichopata ni kofia na kiatu kimoja. Anasema hawezi kulilia mgomba. Anataka kuona simba yenyewe, na macho yake.

Nikamwambia, mama, umefika! Nani anajua njia ya Amboseli kama mimi Wanyoike? Miaka thelathini kwa lori! Nitakupeleka mwenyewe na Peugeot yangu.

Watu wote wanajua nilitoka na panga nikafukuza simba. Mimi ndiye niliwaambia.

Sikutoka. Nalianya alibisha mlango. "Mzee, fungua!" Nikasukuma kabati kwa mlango.

Ijumaa, 10 Agosti

Namanga. Tumechukua vyumba viwili. Mtu amebisha mlango wangu — sikufungua. Ilikuwa chai tu. Imepoa huko nje.

Jumamosi, 11 Agosti

Saa tatu. Askari wa geti anasema tubebe mtu wa kutuonyesha njia. Nikamwambia nilishika usukani kabla baba yako hajaoa! Akacheka: haya guka, sawa babu, lakini simba haiulizi leseni.

Saa tano. Nyumbu, punda milia, ndovu zaidi ya sitini. Nelima haangalii. "Hizi hazikula mtu." Basi nikaacha barabara nikafuata nyayo. Gari imezama mchangani, magurudumu yote ya nyuma.

Saa saba. Simba imekuja. Jike. Jua ni kali, imelala kwa kivuli cha gari, upande wangu, mgongo kwa mlango. Ikijikuna, mlango unagonga. Inanyamaza. Unagonga tena.

Nelima ameiangalia sana. Hakulia. Halafu pole pole: "Mzee, ulipotoka na panga, Nalianya alikuwa anasema nini?"

Nikasema ngoja nikumbuke. Nikatoa daftari nionekane niko na kazi.

"Unaandika nini?"

Mambo ya barabara, nikamwambia.

"Barabara gani iko na jina la bwana yangu? Nimeliona hapo. Lete, mzee, nijisomee."

Simba imeinua kichwa. Mkono wa Nelima bado uko hapa, umefunguka. Kutoka siwezi