Wageni wa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Kivinjari cha kompyuta yangu kimeanza tena vituko. Nimekaa zangu nachapa shauri la ndugu wawili wanaogombea ukuta, mara skrini ikajaa mwanamke anayecheka: UMESHINDA! Nimeshinda nini? Sijacheza chochote. Nikamfunga. Akarudi na mwenzake.

Na kazi yenyewe si ya mchezo. Mahakama inaweka sauti za mashauri kwenye tovuti yake, mimi nasikiliza hapa hapa mezani sebuleni, nachapa, narudisha. Siri za watu zinapita masikioni mwangu kila siku. Mkataba unaisha mwezi huu, na bado sijaambiwa kama wataniongezea.

Mume wangu aliporudi kutoka kiwanda cha mikate nikamweleza. Akasema: izime, iwashe. Hilo ndilo jibu lake kwa kila tatizo tangu anioe. Nimeizima. Nimeiwasha. Mwanamke bado anacheka.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji ameniletea maelekezo. Ni mdogo wake mume wangu, anafanya kazi ya kompyuta kwenye kampuni kubwa, na siku hizi anapatikana kwa ujumbe tu. Futa kumbukumbu za kivinjari, shem. Futa vidakuzi, zile alama za tovuti za kukukumbukia. Ondoa vijiprogramu vya nyongeza usivyovijua.

Vilikuwepo! Kimoja cha kutabiri hali ya hewa — kana kwamba sina dirisha. Kimoja cha kubadilisha rangi ya skrini. Kimoja hakikusema kinafanya nini, kimejikalia tu. Nimevitimua vyote. Nilipofuta vidakuzi kila tovuti ikanisahau, hata ya mahakama, ikabidi nijitambulishe upya kama mwanafunzi mgeni. Lakini kikatulia. Nimechapa mpaka adhuhuri bila bughudha.

Nimempigia shemeji kumshukuru, hakupokea. Hata baba yake mzazi huwa hampokelei, sembuse mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Ee Mungu wangu.

Msimamizi wa wachapaji amepiga. Mama huyu hapandishi sauti hata kidogo, na akizidi kuwa mpole ndipo unapojua umekwisha. Kwamba kutoka kwenye akaunti yangu kimetumwa kiungo cha dawa ya kuondoa kitambi. Kwa idara nzima! Akiwemo hakimu mkuu, ambaye tumbo lake huingia mahakamani kabla yake.

Nimeapa si mimi. Akasema anajua si mimi, ni mashine yangu, na kwa siri za mahakama hilo ni baya zaidi. Ijumaa ya wiki ijayo mkaguzi atapita nyumbani kuiangalia. Asiporidhika, mkataba ndiyo basi. Mpaka siku hiyo nisiguse shauri lolote. Nikasema sawa, ahsante. Ahsante ya nini, sijui.

Nimemsimulia mume wangu nikamngojea aseme izime, iwashe. Hakusema. Hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempata mhalifu. Bora nisingempata.

Nilikuwa jikoni. Baba mkwe yuko mezani anasoma habari kwenye kompyuta yangu, kawaida yake tangu ahamie kwetu baada ya mama mkwe kufariki. Mara nikamsikia: "Karibu." Kimya. Tena: "Karibu." Nikachungulia kuona nani kaingia. Hakuna mtu.

Kumbe kila tovuti anayofungua inamtolea kisanduku: tunaomba ruhusa ya kukutumia arifa. Ruhusu au Zuia. Naye anabofya Ruhusu. Kila mara! Halafu anawakaribisha kwa mdomo, ili wasijione wanyonge.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa mapokezi hospitalini. Sauti ya kwanza mgonjwa kuisikia ilikuwa yake. Nikamuuliza kwa adabu zote nilizofundishwa: Baba, hawa unawajua? Akasema hawajui, ila wamebisha hodi vizuri, hawakuvamia, na mtu aliyebisha vizuri humfungii mlango usoni. Wengine wamemwomba waongeze kijiprogramu cha hali ya hewa. Akawakubalia, maana waliandika tafadhali. Kumbe vile nilivyovitimua Jumanne, Jumatano vikarudi kubisha. Baba akadhani vilitoka kwa bahati mbaya.

Nikafungua mipangilio kuona walioruhusiwa. Nimeteremsha, nimeteremsha, mpaka kidole kikachoka. Nyumba ndogo hii, wageni wote hawa!

Sasa namwambiaje? Angekuwa mwanawe ningemchamba mpaka ashike adabu. Lakini baba mkwe! Hata akikalia miwani yangu nangoja ainuke. Nikasema, "Hamna neno, Baba," nikarudi jikoni kukata vitunguu. Nimekata vingi kuliko mboga ilivyohitaji.

Jumapili, 9 Machi

Uamuzi: hiki kivinjari kinaondoka. Shemeji anasema waliokitengeneza wamekitelekeza zamani, hakijapata sasisho hata moja, kina matundu kila upande. Nimekuwa nikipitisha mashauri ya watu kwenye chujio.

Nimejaribu vitatu. Cha kwanza chepesi, kizuri, ila kabla hata hakijafunguka kinataka siku yangu ya kuzaliwa, niko wapi, napenda nini. Hicho kinatafuta mchumba. Cha pili kina ulinzi wa kupindukia: kiliikataa hata tovuti ya mahakama. Kinamshuku hakimu! Cha tatu hakina maneno. Kinazuia wanaofuatilia watu tangu mwanzo, kinajisasisha chenyewe, hakiulizi kitu. Nimekipa jina, Bi Mkimya.

Nusura niingie mkenge hata hapo. Nilipokitafuta, jina la kwanza kutokea lilikuwa la matapeli, lenye herufi moja ya ziada. Nikaacha, nikaandika anwani ya watengenezaji wenyewe kwa mkono wangu, herufi kwa herufi. Kisha nikaondoa kile cha zamani, nikachunguza mashine nzima kwa programu ya virusi, nikabadilisha maneno ya siri yote. Sikuhamisha chochote kutoka nyumba ya zamani. Nimemwagiza Bi Mkimya akatae maombi yote bila hata kutuuliza, na akayakataa. Nilijisikia kama nimepiga deki nyumba nzima.

Jumatatu, 10 Machi

Baba mkwe amekaa mbele ya kompyuta asubuhi yote, mikono magotini. Mwishowe akaniuliza, "Mwanangu, leo hakuna aliyeniulizia?"

Nikamwambia hakuna, Baba. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuitazama skrini. Nilidhani ukimya huu ungenifurahisha. Umeniuma. Wale matapeli ndio peke yao waliokuwa wakimbishia hodi mzee wa watu, nami nimewafukuza.

Nimemwandikia shemeji: mpigie baba yako. Amenijibu kwa kidole gumba. Kile cha kuchora.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata akili! Wakati wa chai nikamuuliza: Baba, kule hospitalini mlimwachia kila mtu aingie wodini? Akaruka kama nimemtukana. "Thubutu! Jina, unamwona nani, kitambulisho kiko wapi. Saa si ya kutazama wagonjwa, rudi baadaye!" Nikasema, basi Baba, hii kompyuta ni wodi. Humu mna watu wamelala, na mashauri yao.

Akaweka kikombe chini. Nikaona jambo limemwingia.

Nikambadilishia Bi Mkimya mipangilio ili awe anauliza kwanza, mzee apate kazi. Nikamfundisha: angalia anwani, herufi moja ikizidi huyo ni tapeli. Alama ya kufuli pale kando ya anwani pekee haitoshi, hata mwizi anaweza kuwa na kufuli. Anayeharakisha, mshuku. Anayesema anakuja kwa usalama wako, mshuku maradufu.

Mbona amekuwa kijana kabisa! "Wewe nani? Hatuna miadi na wewe." Zuia. "Kitambulisho hiki hakisomeki." Zuia! Amenyoa ndevu. Amekaa wima. Mchana kutwa nyumba ilisikika kama mapokezi ya hospitali kubwa, nami nikicheka peke yangu jikoni mpaka machozi. Sijawahi kumpenda baba mkwe kama leo.

Jioni mume wangu alirudi bila ufunguo. Akaulizwa kupitia mlango anamtaka nani. Akasema, "Baba, ni mimi." Akajibiwa kwamba wote husema hivyo. Mwishowe alifunguliwa, baada ya kutaja jina la bibi yake mzaa mama.

Ijumaa, 14 Machi

Leo ndiyo leo. Mkaguzi kaahidi kufika kabla ya adhuhuri. Mashine safi, meza nimeipangusa mara mbili, hata nyaya nimezifunga vizuri. Bi Mkimya hana doa. Akiangalia kwa haki, napita. Nina matumaini, kwa mara ya kwanza tangu balaa hili lianze. Nilimwambia baba mkwe jana kwamba kuna mtu wa mahakama atakuja — au nilimwambia mume wangu? Nilimwambia mume wangu.

Baadaye.

Nilitoka uani kuanua nguo, mawingu yalikuwa yametanda. Sikukawia. Niliporudi, baba mkwe yuko wima katikati ya sebule, uso unang'aa.

Kwamba alikuja mtu. Kijibegi mkononi, suruali imenyooka, akabisha vizuri kabisa. Akasema anataka kuangalia ndani ya kompyuta. "Ndani, mwanangu! Mchana kweupe!" Baba akamuuliza katumwa na nani. Na mahakama, akasema. Kitambulisho? Akakitoa. Baba akavaa miwani, akakisoma herufi kwa herufi, akamwambia karatasi ya namna hii hata yeye anaweza kuchapishiwa dukani. Yule mtu akaanza kuangalia saa. Anaharakisha! Halafu akatamka, kwa mdomo wake mwenyewe: "Mzee, ruhusu tafadhali, hii ni kwa usalama wenu."

"Nikamzuia," kasema Baba.

Akabisha tena. Akazuiwa tena. Akaandika kitu kwenye karatasi zake, akaondoka.

Nimekimbilia barabarani, nguo bado begani. Hakuna mtu. Nimerudi, na simu inaita mezani: Msimamizi. Imekatika. Inaita tena. Nimeshika kalamu badala ya simu, nijipe dakika ya kufikiri la kumwambia mwanamke yule mpole.

Baba mkwe hajaketi. Amesimama pale pale, ananitazama, anangoja nimsifu.

Nimemwambia, umefanya vizuri sana, Baba.

Simu bado inaita.