Picha Ilipigwa Kwenye Zamu ya Mdogo Wangu

Mpendwa Shangazi mshauri, shikamoo. Naandika leo tarehe 12 Oktoba nikiomba unishike mkono kabla ya tarehe 26, maana siku hiyo kuna mtu atasimama kizimbani na mimi ninacho kitu kinachoweza kumsaidia, nami nimekificha chini ya godoro.

Nilikuwa karani wa stoo ya hospitali kwa miaka tisa, na tangu shule nina tabia ya kuandika kila siku yangu kwenye daftari, tarehe juu, saa pembeni, na kila ukurasa nautia namba kwa wino kabla sijauandika, ndiyo maana hapa hosteli ya waomba hifadhi wananiita Karani. Tarehe 2 Julai mimi na mdogo wangu wa kiume, ana miaka ishirini na mitatu na nimemlea tangu mama yetu afariki, tulipanda boti ya mpira watu arobaini na sita, na wale waliotupakia hawakupanda, walisimama ufukweni wakauliza nani anajua injini, na mdogo wangu akanyoosha mkono kwa sababu aliwahi kuendesha pikipiki. Basi wakamkalisha nyuma, wakamwonyesha upande wa kwenda, wakaisukuma boti, ikawa saa kumi na mbili kamili asubuhi.

Tulikwenda kama mlevi anayetafuta mlango. Mwanamume mmoja, fundi wa majokofu, akasema, "Wewe bodaboda, hapa hakuna abiria wa kushusha, nyoosha." Watu wakacheka kidogo, na huyo Fundi akasema mkono wa injini unatetemesha vidole mpaka vinakufa ganzi, kwa hiyo wanaume saba wapokezane, kila mmoja dakika ishirini. Akaniona nina saa ya mkononi. "Dada mwenye saa, wewe utasema pokea." Nikawa nasema pokea, naandika nani kashika na saa ngapi, daftari likiwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Fundi alikuwa wa saba. Zamu yake iliisha saa mbili na dakika ishirini, ikarudi kwa mdogo wangu, lakini mdogo wangu alikuwa ametapika mpaka hana nguvu, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, nikasema pokea na hakuinuka. Fundi akamwangalia akasema, "Lala dogo, nakushikia hii moja tu." Dakika tano baadaye ndege ya doria ikapita juu, na picha iliyopigwa inamwonyesha Fundi peke yake kashika mkono wa injini. Tulipofika polisi walimkamata yeye. Ameshtakiwa kwamba ndiye nahodha, aliingiza watu nchini kinyume cha sheria na kuhatarisha maisha yao, na nimesikia anaweza kupata miaka sita.

Shangazi, tarehe 14 Julai nilihojiwa, nikasema nilikuwa nimelala, sikuona aliyeshika usukani. Hiyo ndiyo dhambi yangu ya kwanza. Ya pili ni ya tarehe 8 mwezi huu. Wakili wa Fundi, mwanamke, alikuja tukiwa tunakula, akauliza nani alikuwa kwenye boti ile, na kila mtu akaanza kuichunguza sahani yake. Akauliza kama kuna aliyeandika chochote. Jirani yangu wa chumba akasema, "Si mumuulize Karani? Huyo hata akipiga chafya anaandika." Nikasema daftari lililowa, nikalitupa. Wakili akaniangalia, akasema Fundi amekataa kumtaja mtu yeyote, anasema tu walipokezana, na hakuna anayemwamini. Akaniachia kadi yake, akaenda zake.

Mdogo wangu anajua kila kitu. Ameniambia, "Dada, hiyo kalamu yako itanifunga. Toa huo ukurasa tulale." Nimemwambia ni ukurasa wa 61, nikiuchana na 62 iliyo nyuma yake inaondoka, itaonekana 60 halafu 63, akasema basi choma lote. Tangu juzi hatusemeshani, ananiwekea chai mezani bila neno. Nimekutumia nakala ya ukurasa huo uone kuwa sisemi uongo. Je, nikiuchana nitakuwa nimemuua Fundi? Na nisipouchana, nitakuwa nimemuuza mdogo wangu?

Karani

*

Mwanangu Karani, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili na nakujibu leo tarehe 14, kwa sababu hili halingoji.

Pole. Kumlea mtu kisha ukaambiwa umweke kwenye mizani si jambo dogo, na sitakuhukumu kwa woga wa tarehe 14 Julai. Ulikuwa umetoka majini, unahojiwa na watu wenye sare. Ila tarehe 8 ulikuwa umekauka, mwanangu. Umeshiba, umekaa kitini, na wakili amekuuliza kwa upole. Hapo sina pole ya kukupa.

Tena usinizunguke. Unaniuliza kama uuchane ukurasa, na huku umeshautolea nakala na kuituma kwa mtu mwingine. Anayetaka kuchoma haanzi kwa kutoa nakala. Jibu ulikuwa nalo kabla hujanunua stempu.

Sasa fanya hivi. Usichane, usiongeze neno, usinakili upya kwa mwandiko mzuri. Liache kama lilivyo, na madoa yake ya chumvi. Kesho asubuhi nenda ofisi ya msaada wa sheria ukaombe wakili wako, na mwingine wa mdogo wako. Usianze kwa wakili wa Fundi: yule kazi yake ni kumlinda Fundi, hana deni na mdogo wako. Wakili wako akueleze namna ya kurekebisha ulichosema ulipohojiwa, na wa mdogo wako amweleze hatari yake ni kiasi gani. Halafu, kupitia kwao, daftari limfikie mwenye ile kadi, na si siku moja kabla ya kesi.

Sitakudanganya kwamba mdogo wako hana hatari. Anayo, na mimi si hakimu. Lakini tazama ulichonacho. Kesi yote imesimama juu ya picha moja ya mtu mmoja. Wewe una watu saba na saa zao. Nahodha gani huyo anayebadilishwa kila dakika ishirini na mwanamke mwenye saa? Daftari lako halimtoi Fundi ili limwingize mdogo wako. Linasema hapakuwa na nahodha, palikuwa na watu waliokuwa wanajitahidi wasizame.

Kabla ya kwenda, kaa na mdogo wako, chai ikiwa mezani, umwambie unakwenda. Umwambie, usimwombe ruhusa. Ana miaka ishirini na mitatu. Mtu aliyeweza kunyoosha mkono ufukweni anaweza kusikia neno gumu. Na umkumbushe aliyemwambia "lala dogo" ni nani, na amelala wapi tangu siku ile.

Atanuna. Mwache anune.

Wanaume saba walishika injini ile, na hukumwacha hata mmoja apitilize. Ni Fundi tu. Alijitolea kushika zamu moja ya mdogo wako, dakika ishirini, na leo ni siku ya mia moja na nne hajabadilishwa. Saa unayo wewe, mwanangu. Kampokee.

Shangazi