Bomba Limewekwa

Shoga, ndiyo natoka kwenye uzinduzi wa wodi ya wazazi.

Hatua ya mwisho ya mradi wetu si ilikuwa "maji yanatoka bombani"? Kumbe bosi kaibadilisha kimyakimya tusionekane tumechelewa. Sasa inasomeka "bomba limewekwa".

Basi mgeni rasmi kafungua bomba. Likakoroma, akatoka mende. Mende, shoga! Na watu wakapiga makofi.

Namuuliza bosi, maji je? Ananijibu huku anatafuna keki: "Hatua inasema bomba. Maji yameandikwa wapi?"

Eti maji yameandikwa wapi! Mdomo umejaa keki!

Jumatatu wanaanza kuzalisha humo. Wifi yako si anajifungua wiki ijayo? Mwambie aje na ndoo zake.