Mikono ya Kidato cha Tatu

Nyanchwa, Kisii
Jumapili, 2 Februari 2025

Mpendwa dada Mokeira,

Bwakire? Mimi niko salama, ila baridi ya asubuhi hapa Nyanchwa inanikumbusha Itumbe, na chai ya hapa haina maziwa ya ng'ombe wa mama. Kifua chako kimepona? Hicho kilima cha Manga kina upepo, usitembee bila sweta.

Sasa shida yangu. Unakumbuka lile koleo refu ulilolishika chumbani kwangu Januari? Lile linaloingizwa tumboni kwa tundu dogo, daktari akiangalia kwenye televisheni badala ya kumpasua mtu kama gunia. Uliokota maharagwe ndani ya katoni huku ukiangalia simu yangu tu, ukamshinda Machogu na wanafunzi wenzangu wote, ila ulilifunga kwa mikono miwili kama mtu anayekamua ng'ombe. Tulikucheka. Kumbe Daktari Celestine, anayetusaidia katika utafiti huu, naye hulifunga vivyo hivyo! Mpini wake ulitengenezewa mkono mkubwa. Basi mradi wangu wa mwaka wa mwisho chuoni ndio huo, kubuni mpini mpya.

Nimepima mikono ya darasa letu lote. Msimamizi wangu akaangalia akauliza, "Angwenyi, hawa wote ni wanaume?" Kwa hivyo wewe ndiye tegemeo. Nichoree mikono ya kulia ya wasichana wa darasa lako, vidole vimetanuliwa, kama arobaini hivi. Ni penseli na karatasi tu. Mwisho wa Machi nawasilisha ripoti.

Majibu mpe Jibril akileta mkate wa kantini yenu. Nitapitia dukani kwao.

Kaka yako,
Angwenyi


Manga
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa kaka Angwenyi,

Nimefurahi kujua kwamba u mzima. Kifua kimepona. Sauti ndiyo haijarudi, ingawa wewe utasema haikuwahi kuwepo.

Arobaini! Kaka, kweli unanijua? Mimi ndiye niliyepewa mstari mmoja tu wa kusoma kanisani nikaenda msalani hadi ibada ikaisha. Mwalimu akiita majina, naitikia moyoni, naandikwa sipo. Wiki nzima nimetembea na karatasi ndani ya sweta nikisema nitamwuliza huyu, huyu akipita nasema nitamwuliza yule.

Nimepata miwili. Mmoja ni wa Firdaus, dada yake Jibril, anayelala kitanda cha chini ya changu. Wa pili ni wangu, lakini ni wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeshika penseli.

Je, kuna barua ya chuo niwaonyeshe walimu? Nikiwa na barua sitahitaji kuongea sana.

Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Siku ile ya maharagwe gumba liliniuma hadi nikashindwa kufunga kamba za viatu, na sikusema, kwa sababu nilitaka uniambie nirudie. Nataka kuwa kama Daktari Celestine. Usimwambie mama. Na usinicheke.

Dada yako,
Mokeira


Nyanchwa
Alhamisi, 13 Februari 2025

Dada,

Salamu. Huku ni mbio tupu, lakini tunapumua.

Miwili! Na mmoja wa kushoto! Mokeira, msimamizi atanila mbichi. Acha aibu, hao ni wasichana wenzako, si simba. Barua ya nini? Barua ya chuo huchukua mwezi kupigwa muhuri. Unachora mikono, hutoi watu damu. Sema ni utafiti, basi.

Fanya haraka, tafadhali.

Kaka,
Angwenyi


Manga
Jumapili, 2 Machi 2025

Kaka,

Pokea salamu zangu. Mwili ni mzima lakini sina amani, na kesho natumwa nyumbani kumleta mama.

Nilianza vizuri. Firdaus aligeuka kuwa mdomo wangu. Wasichana wakiwa kwenye foleni ya maji ya kufulia, alipanda juu ya ndoo akatangaza, "Mikono! Leteni mikono! Hata wenye kucha chafu karibuni!" Wakaja wakicheka. Mimi sikuhitaji kusema neno. Nilipiga magoti nikachora. Kaka, sikujua kuna kazi ya namna hiyo, ambapo mtu anakupa mkono wake, unauzunguka polepole kwa penseli, na hakuna anayekuuliza mbona umenyamaza. Wengi vidole vyao ni vifupi kama vyangu. Nilikuwa nimekaribia arobaini yako.

Kesho yake Purity akazirai kwenye foleni ya uji. Bweni zima linajua kwamba Purity hali githeri na alikuwa na njaa. Lakini Cynthia, kiongozi wa kikundi cha maombi, alikumbuka kwamba jana yake nilikuwa nimemchora Purity na yeye mwenyewe.

"Mokeira, mkono wangu umeupeleka wapi?"

"Uko kwenye sanduku. Utaenda kwa kaka yangu."

"Na kaka yako anafanya nini na mikono ya wasichana?"

Wote wakaningoja. Hapo ndipo ningesema utafiti, ningesema chuo, ningesema Daktari Celestine. Nilichosema ni, "Anatengeneza kitu cha kuingia tumboni kwa tundu dogo."

Kaka, walipiga mayowe. Mmoja alitoka mbio kupitia dirishani. Firdaus akapaza sauti, "Mimi nimechorwa wa kwanza na ninakula kuwashinda nyote!" Cynthia akamjibu, "Wewe hata kwenye maombi huonekani, nyamaza." Wakanizunguka wakikemea pepo, mikono juu ya kichwa changu. Mtu akasema mikono inapelekwa kwa shetani chini ya bahari. Bahari gani, jamani? Sisi tuko Manga!

Matroni alichukua karatasi zote akazitia kwenye moto wa jikoni, chini ya sufuria ya maharagwe. Nilisimama nikiangalia. Deputi, naibu wa mwalimu mkuu, aliniita ofisini akauliza, "Nani alikutuma? Barua yake iko wapi?" Nililia tu. Ningejibu nini? Barua yako inasema, "Barua ya nini?"

Njoo, kaka. Njoo uongee wewe.

Mokeira


Manga
Jumatano, 12 Machi 2025

Angwenyi,

Sikuulizi hali. Hata ungekuwa mgonjwa, ningejulia wapi?

Nilikupigia kwa simu ya mama tangu siku niliyofika Itumbe. Ilikuwa inaita. Mama naye akapiga. Ikaita. Akasema, "Labda yuko darasani." Siku zote hizo, asubuhi na jioni, yuko darasani.

Jumatatu tulienda shuleni sisi wawili. Mama alimsikiliza Deputi mpaka mwisho, mkoba mapajani. Kisha akainuka, akafunga mlango, akainua blauzi. Mama yetu, ambaye hata mbele yangu hubadilisha nguo akigeukia ukuta! Lile kovu la vijiwe vya nyongo ulikuwa hujaliona vizuri, wala mimi. Linaanza chini ya mbavu na linapita kama njia ya ng'ombe.

"Mwalimu," akasema, "hii ndio tundu kubwa. Walinikata hii, nikakaa msimu mzima sibebi kikapu ya majani ya chai, watoto wakachuma kabla ya shule. Hawa wangu wanatafuta ile ndogo."

Deputi alitazama, kisha akatazama meza. Nikadhani yameisha. Akasema taratibu, "Pole, mama. Nimeelewa. Lakini huyo kijana wako angeandika mistari mitatu tu, na huyu msichana asingeitwa anavyoitwa sasa. Na hao wengine pia ni watoto wa watu. Nani aliwauliza wazazi wao?"

Mama alishusha blauzi, akaokota mkoba. Wewe una jibu?

Nimerudishwa darasani. Nikipita, wasichana huingiza mikono ndani ya sweta. Hakuna anayeniazima kalamu. Cynthia ananiombea kwa jina, kwa sauti. Firdaus peke yake ndiye anayekaa nami, na sasa naye anaitwa msaidizi wangu.

Barua yangu ya kwanza uliisoma mpaka mwisho? Kuna kitu nilikuambia humo. Hukukijibu.

Mokeira


Nyanchwa
Ijumaa, 21 Machi 2025

Dada yangu mpendwa,

Najua umenikasirikia. Nami nilikuwa na homa ya mradi, simu naiona, nasema nitapiga baadaye. Pole sana kwa yaliyokupata. Hao wasichana wako ni kichekesho, ningekuwepo ningewatuliza kwa dakika moja.

Habari njema ni kwamba nimewasilisha mapema na nimepita! Sikuwa na mikono ya wasichana, kwa hivyo nilitumia ya darasa letu. Msimamizi alinishauri nitaje mapungufu, nikaandika kwa ufasaha kabisa: "Vipimo vya mikono ya wanawake havikupatikana." Akakubali. Nina hadi katikati ya Aprili kusahihisha makosa madogo kabla ripoti haijajalidiwa.

Daktari Celestine alijaribu mpini. Akasema, "Mpini umependeza." Halafu akaufunga kwa mikono miwili. Lakini alitabasamu.

Jibril atakuletea mpini mmoja ndani ya mfuko wa mkate. Ni zawadi. Hilo la udaktari nililiona, ila maliza kidato cha nne kwanza ndipo tuongee.

Kaka yako,
Angwenyi


Manga
Jumapili, 30 Machi 2025

Kaka Angwenyi,

Natumaini homa ya mradi imeshuka. Mimi nakula, nalala, nasoma. Mama anakusalimu. Ameanza kubeba kikapu kidogo, si kile kikubwa.

Mpini nimeupata, una harufu ya mkate. Ni mzuri kuangalia. Nikiingiza gumba kwenye duara la juu, kidole kingine hakifiki kwenye duara la chini. Nimeukamata kwa mikono miwili.

Ile sentensi yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma kitu chochote cha shule. Havikupatikana. Kaka, vilipatikana. Nilivipata mimi, kwa magoti, na mkono wa kila mmoja ulikuwa ukitoa jasho kwenye karatasi. Vilichomwa. Vilichomwa kwa sababu hukutaka kungoja muhuri. Ukiandika havikupatikana, mtu atakayesoma atadhani wasichana wa Manga hawana mikono. Una hadi katikati ya Aprili. Hilo si kosa dogo, lakini lisahihishe.

Juzi nilienda kwa Deputi bila kuitwa. Nilisimama mlangoni hadi akaniuliza kama nimepotea. Niliongea nikitazama viatu vyake, lakini niliongea. Nilimwambia nataka kuchora upya. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Lete barua ya chuo yenye muhuri. Wazazi waandikiwe. Anayetaka achorwe, asiyetaka asiguswe." Kisha akauliza mpini huo unafananaje, nikamwonyesha. Aliujaribu. Hata yeye, kidole hakikufika. Aliurudisha, lakini alikuwa bado anajikanda gumba nilipotoka.

Kwa hivyo mwezi wako wa kungoja muhuri uanze leo. Mambo ya kumaliza kidato cha nne kwanza nimeyasikia. Mimi sikuomba tuongee, nilikuambia tu.

Humu ndani kuna mkono mmoja. Ni wangu, na safari hii ni wa kulia. Aliyeuchora ni Firdaus, alikuwa anacheka, ndiyo maana mstari wa gumba umepinda. Uweke juu ya mpini wako, uone palipobaki.

Dada yako,
Mokeira