Kiti cha Tatu Nilikifungua Mwenyewe

Windhoek, Namibia

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umeitika marahaba kabla Lusia hajamaliza kulisoma neno lenyewe. Lusia, mdogo wangu, soma polepole, na usiruke mahali hata ukiona pananiaibisha.

Mama, acha kusikilizia mlango wa gari. Walioshuka ni mzee mmoja na mkewe, na hakuna mwingine ndani. Mimi sikuja. Nimewapa barua hii mkononi kwa sababu kwenye simu nilishindwa. Mara tatu nilipiga nikikusudia kukuambia, na mara tatu ukanitangulia kwa kuniuliza kama bado napenda kisamvu cha karanga. Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzima. Nisamehe kwa uoga huo.

Macho yanaendeleaje? Lusia aliniambia la kushoto sasa linaona mwanga wa dirisha tu, na la kulia linafuata njia hiyohiyo. Matone unaweka asubuhi na jioni kama daktari alivyosema? Usiyabanie ukidhani nitaishiwa uwezo wa kuyanunua. Na kahawa ya nyuma ya nyumba imechanua, au mwaka huu nayo imegoma?

Mimi ni mzima wa mwili. Karakana ni ileile. Tunachukua lori, tunalivua bodi, tunalijengea nyumba mgongoni yenye kitanda, jiko na choo, wazee waliostaafu wazunguke nayo porini. Wateja wetu hupenda kuanza na kuchagua mapazia. Kazi yangu mimi iko chini ya nyumba, kwenye chesisi, zile mbavu za chuma zinazobeba gari, na kwenye tairi, na swali langu la kwanza huwa, mnakwenda wapi? Nyumba ukiikaza moja kwa moja juu ya chesisi, siku gurudumu moja likipanda na jingine likiingia shimoni, chesisi itajipinda, na nyumba itapasuka kona. Kwa hiyo tunaiweka juu ya fremu yake yenye maegemeo, chuma kicheze huko chini, nyumba ibaki imetulia. Nimejifunza mengi, Mama. Laiti ningejifunza na kunyamaza.

Gari hilo lililosimama uani kwako ni kazi ya mikono yangu. Bosi aliniambia wazee hawa hawajui ufundi, watahitaji mtu wa kuwasindikiza hadi Tanzania na kurudi, na kwa kuwa njia naijua, niende mimi. Hiyo ndiyo ruhusa pekee niliyopata tangu nifike huku. Nikipanda basi kwa hiari yangu, nafasi yangu inachukuliwa kesho yake, na matone yako yanatoka kwenye nafasi hiyo. Basi nikafunga kiti cha tatu, nyuma kabisa karibu na dirisha, na kitanda chembamba juu yake. Nikakupigia kukuambia naja. Ulilia, ukasema, "Njoo upesi, Elia. Siku hizi watu nawajua kwa mikono, sura zimeanza kunitoka. Ya kwako nataka niione."

Sasa sikia ujanja wangu ulivyonigeukia. Wazee walikuwa wamepanga kufuata lami tu, waingilie Tunduma na kuambaa hadi Mbeya. Niliona watasimama hapo Nanyala kunywa chai moja na kuondoka. Nikaanza kuwapambia safari. Nikawaambia kuna Kamsamba, kuna mpunga hadi jicho linachoka, kuna ndege wa Ziwa Rukwa. Nilitaka tulale kwako wakati wa kwenda na tulale tena wakati wa kurudi. Mzee akawaka kama mtoto. Mkewe akanunua darubini.

Kumbe nilikuwa najichimbia shimo. Lami ni jambo moja, na tope la Kamsamba mvua zikianza unalijua. Kwenye tope unapunguza upepo ili tairi ilale chini na kushika, na tairi iliyopunguzwa upepo haibebi tena mzigo iliokuwa ikiubeba imejaa. Nyuma nilikataa tairi mbilimbili, maana hunasa mawe katikati, nikachagua moja moja pana zinazopita palepale zilipopita za mbele. Nilichagua vizuri. Lakini tulipolipima gari likiwa na maji, mafuta, pikipiki ya mzee huko nyuma, mimi kitini na sanduku langu la spana, uzito kwenye ekseli ya nyuma ulizidi kile ambacho tairi zilizopunguzwa upepo zingeweza kubeba kwenye tope.

Aliyekuwa anasoma mizani ni mimi. Bosi alikuwa anaandika tu. Mama, nimekulia kando ya barabara kuu, hila za madereva kabla ya mizani nazijua zote. Nilisogeza sanduku mbele. Nikapunguza maji. Bado. Nikasimama pale nimeinama, namba naiona. Bosi akauliza, "Vipi, Elia?" Ningeweza kutaja namba nyingine, na leo ningekuwa nimekaa ubavuni kwako. Nikamkumbuka Baba Mdogo juu ya magunia ya mpunga, na tairi ya nyuma ya lori lile ilivyopasuka, na siku zote ulizokaa sakafuni na mkewe. Nikaisoma namba kama ilivyokuwa.

"Basi kitoke kitu," bosi akasema.

Nikapendekeza pikipiki. Mzee akasema goti lake halitembei, wakikwama ndiyo ya kufuatia msaada. Nikapendekeza Kamsamba waiache. Mkewe akanishangaa, "Lakini Elia, si wewe uliyetuambia?" Tairi kubwa zaidi zingegusa bodi, na kuliinua gari ni kazi ya miezi. Wakatazamana. Kilichobaki cha kutoka kilikuwa mimi. Wakipata shida watanipigia simu. Walisikitika kweli, usiwachukie. Kiti nilikifungua mwenyewe, bolti nne, sikutaka mtu mwingine akiguse.

Nina hasira, na sina wa kumpelekea. Kila asubuhi naingia karakana, nalikuta lori jingine linasubiri nyumba, na sijui ruhusa nyingine itatoka lini. Macho yako hayataisubiri. Hilo ndilo linaloninyima hamu ya kula.

Wape wageni ugali na kahawa yetu. Nimewafundisha shikamoo, ila wanampa kila mtu, hata mbuzi wasishangae. Mzee mkumbushe apunguze upepo akiacha lami pale Mlowo. Anajua, lakini mkumbushe.

Msalimie Mjomba Yotamu, mzee wa kanisa, mwambie bado nasali, kwa uvivu. Shangazi Tupokile wa Kamsamba asalimiwe sana, na asiombe lifti, kiti hakipo. Mama Mdogo, mke wa marehemu, mweleze kwa nini sikuja. Yeye hataniuliza mara mbili. Nawe Lusia, asante kwa kuwa macho ya Mama.

Jambo la mwisho. Wageni wakiwa wanakula, mshike Lusia mkono, akupeleke kwenye gurudumu la mbele kushoto, kisha uyazunguke yote manne. Pitisha vidole kwenye nati. Karakana ina mashine ya kuzikazia. Hizi nilizikaza kwa spana, moja baada ya nyingine, na nilipomaliza nikazipapasa zote. Ulisema watu unawajua kwa mikono.

Mwanao,
Elia